Bahasha ya Chumba Namba Tisa

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo wewe na bibi yako? Mimi mzima, ila mgongo umeninunia. Hapa hotelini natandika vitanda kumi na vinne kwa siku. Na wageni wa huku wasahaulifu, jamani! Kila asubuhi nakuta pesa kwenye bahasha juu ya mto. Zote nampelekea msimamizi. Amenisifu mbele ya wenzangu, kisha akaamuru wote wafanye kama mimi. Tangu siku hiyo hawanisemeshi. Jana mmoja alinitupia, "Haya, malaika, sifa zimekushibisha?" Nakula peke yangu. Nimewakosea nini?

Mama yako

12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na bibi anakupa pole ya mgongo. Mama, mgeni mmoja anaweza kusahau, lakini si wote, tena kila siku. Nadhani hiyo ni bakshishi. Mwalimu anasema kuna nchi ukimwachia mhudumu pesa anaona umemdharau, na kuna nchi usipomwachia unaonekana huna adabu. Naomba uninakilie maneno ya kwenye bahasha, herufi kwa herufi. Lugha ya wageni hao tunafundishwa shuleni, nami naiweza.

Binti yako

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Nanyi mko salama? Maneno ya bahasha ya chumba namba tisa nimeyanakili kwenye kikaratasi hiki. Usicheke, mwandiko kama kuku kaparua. Fanya haraka. Wenzangu wawili wanataka kuacha kazi kwa sababu yangu.

Mama yako

28 Machi

Shikamoo, Mama. Tu wazima. Nimesoma mara tatu, na mwalimu amehakikisha: "Kwa anayesafisha chumba hiki. Asante kwa mikono yako." Pesa ni zako! Mwonyeshe msimamizi bahasha, wenzako wakiwepo. Sema ulikosea kwa kutojua. Hiyo si aibu. Yeye anajua kusoma lugha hiyo, Mama. Atasema nini?

Binti yako

9 Aprili

Marahaba, mwalimu wangu. Hamjambo? Nilimwonyesha msimamizi bahasha mbele ya wenzangu, nikasema: "Mimi nilikosea kwa sababu sijui kusoma lugha ya wageni. Je, wewe?" Msimamizi alikohoa, akafungua droo, akatoa bahasha zote, na amri yake akaifuta. Yule mwenzangu alicheka hadi akakaa sakafuni. "Kumbe malaika ana ulimi!" Leo mchana kanivutia kiti.

Mgeni wa namba tisa yupo hadi mwisho wa mwezi. Niandikie "Karibu tena" kwa lugha yao, herufi kubwakubwa. Nataka kumjibu mwenyewe.

Mama yako