Bampa Lenye Winchi

Shoga, uko macho? Leo nimeumbuka, we acha tu.

Nimeenda kwa fundi wa kuchomelea kuchagua bampa la chuma la ile pikapu yangu kuukuu, maana lililokuwepo limeoza kabisa. Akaniuliza, "Dada, unataka la kawaida au lenye winchi?"

Eti winchi ni mashine yenye waya wa chuma, ya kujivuta mwenyewe ukizama kwenye matope. "Lakini bampa lake ni zito, litachosha springi za mbele. Kama una mtu wa kukuvuta, chukua la kawaida. Ukikwama huwa unampigia nani?"

Shoga, nikaanza kuhesabu watu. Unampigia nani!

Baba watoto ana mke mwingine. Watoto wenyewe wako mbali. Nikakutaja wewe, na wewe umehamia ng'ambo! Machozi yakanitoka pale pale, mbele ya wateja.

Fundi akazima mashine yake, akasema taratibu, "Basi andika namba yangu, dada. Chukua la kawaida."

Nikamwambia, "Hapana, nifungie lenye winchi."

Ameshafunga. Nimekaa garini nje ya karakana, hata sijawasha.

Namba yake nimeiandika pia.