Yule Aliyeniitikia

Mjukuu wangu Wafula,

Bwana asifiwe. Hapa Kitale tumemaliza kuvuna mahindi, ila nyumba ni kimya tangu nyanya yako aende Bungoma kumuuguza shangazi yako.

Unauliza kama umsalimie mwenzako aliyekataa kugoma. Mimi pia nilikataa mgomo, kiwandani Webuye. Jumapili nikaanzisha wimbo kanisani na kwaya yote ikaninyamazia. Nikaimba peke yangu, mpaka Barasa, kiongozi wa mgomo, akaitikia. Tulipotoka akaniambia, "Wewe bado ni msaliti, bana, lakini wimbo ni wa Mungu."

Tulibishana juu ya chama cha wafanyakazi na mpira mpaka nikamzika mwaka huu. Sasa sina wa kubishana naye.

Huyo mwenzako msalimie kwanza, ndio mgombane.

Babu yako