Jua la Januari na Nyumba Yako ya Nyasi

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka wako, ndani ya nyumba yako ya nyasi, saa saba mchana. Ndiyo, bado imesimama. Ingekuwa chini tangu Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeshalia machozi yangu yote, lakini jua la Januari limetusaidia. Tulia nikueleze.

Tulipokwisha kukuzika, mwanao Lumbasi alitimiza ile ahadi yake ya nyumba ya mabati. Ameijenga hapo mbele, inatazamana na yako. Watu wa Malinya walikuja kuiangalia wakasema kweli huyu amejenga. Shida ikawa mparachichi wako. Ulikuwa unaangusha matunda juu ya bati, na kila tunda likianguka Lumbasi alishika kichwa kana kwamba limempiga yeye. Akaukata. Dari hakuweka, alisema itakuja baadaye. Wakati wa mvua hatukuona ubaya wowote, isipokuwa kelele.

Halafu ikaja Januari. Mama, saa sita ile nyumba inakuwa chungu jikoni. Unaingia na nguvu zako, unatoka huna hata za kufukuza nzi. Mafuta ya kupikia yamegeuka maji ndani ya kopo. Kuku wanahema midomo wazi chini ya meza, na watoto wangu, ambao huanza kugombana kabla ya kunawa uso, wamechoka hata kuchokozana. Baba anakaa sebuleni na fulana tu, kitambaa kibichi kichwani, akisema yuko sawa, kwa sababu hataki kumvunja mwanawe moyo. Siku moja nilisonga obusuma, ugali wa watu wote, humo ndani. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikashindwa kuinuka, ikabidi wajipakulie wenyewe.

Tulikuwa tumekuja nyumbani, mimi na mume wangu na watoto, kwa ibada ya kukukumbuka. Wageni walipoondoka, Lumbasi akatangaza kwamba Jumamosi nyumba yako itavunjwa, pajengwe jiko la mabati. "Tunakaribia mwaka wa elfu mbili," akasema, "na sisi bado tunaonyesha watu nyasi?" Nilikuja huku ndani kulia. Kwenye ukuta ulio karibu na mafiga, alama za vidole vyako bado zipo, pale ulipokuwa ukisiriba kwa mkono na kumalizia kwa mviringo. Kaburi lako liko nje kando ya migomba, lakini kaburini nasimama tu kama mgeni. Hapa ndipo ninapokupata.

Jumamosi mafundi wawili wakaja. Wakapanda juu, wakang'oa nyasi kidogo, jua likawashika. Wakashuka kuomba maji, nikawaambia mtungi uko ndani. Nakuapia, sikuwa nimepanga kitu. Ila asubuhi nilikuwa nimesiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe kama ulivyonifundisha, na kunyunyiza maji, maana sikutaka uvunjiwe nyumba ikiwa chafu. Wakaingia, wakanywa, wakakaa kidogo. Kukawa kimya. Lumbasi akaja kuwatoa, amekunja uso kabisa. Nilimsikia akiwauliza, "Nyinyi nimewaleta hapa mlale?" Baada ya hapo sikusikia kitu tena.

Baba alipokwenda kuangalia kazi imefika wapi, aliwakuta watatu wamelala, Lumbasi katikati na nyundo kifuani. Hakumwamsha mtu. Alivua viatu akajitafutia nafasi. Mume wangu naye, unamjua na heshima zake, hata sasa ambapo hupo hawezi kukanyaga ndani ya nyumba ya mama mkwe. Alileta kiti akakiegemeza ukutani kwa nje, chini ya ukingo wa paa upande wa kivuli, akakoroma kutokea huko. Nilicheka mpaka nikakimbilia kwenye migomba nisije nikawaamsha. Nadhani ulinisikia.

Lumbasi aliamka jua likiwa limepungua. Alibaki chali, akitazama juu pale palipong'olewa, mwanga ukiingia. Kisha akasema polepole, "Kumbe Mama alikuwa anakaa mahali pa baridi hivi kila siku, na mimi namwonea huruma."

Alitoka akawaambia mafundi warudishe nyasi walizong'oa, na kwamba kabla ya mvua ya Machi ataezeka paa lote upya. Yale mabati ya jiko yamekwenda kwenye zizi, na sasa ng'ombe ndiye anayekataa kuingia ndani mchana.

Jana Lumbasi alirudi kutoka sokoni Kakamega na mche wa mparachichi. Ameupanda katikati, kati ya nyumba yake na kaburi lako. Ukikua, asubuhi utamfunika yeye, jioni utakufunika wewe. Baba ameweka ndoo kando yake na hataki mtu mwingine aiguse.

Nakukosa sana, Mama. Lakini nakuahidi nitakuwa nikija kusiriba ukuta na sakafu hii, na nisipoweza kuja, kuna mtu. Binti yangu mdogo amejaribu leo asubuhi, mavi ya ng'ombe mpaka kwenye nywele. Vidole vyake sasa viko ukutani, chini kidogo ya vyako.

Ulipotuona tukihangaika na joto ulikuwa ukituambia, "Kaa chini kwanza. Jua nalo linachokanga." Nimekaa, Mama. Na wewe pumzika hapo ulipo. Kivuli chako kinakuja.

Mwanao,
Imali