KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUPIMA UMUHIGO WA MWENYEKITI KUPANDA RIMU

UMOJA WA WALIOTOKA KARAGWE, REBERO, KIGALI

Tarehe: Jumamosi, 29 Novemba 2025, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na baada ya watu kuoga.

Mahali: Meza ya kantini, uwanja wa bembea, chini ya lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani na kuwarudisha. Mwenyekiti, kwa kuwa ni dereva, aliliita Rimu, na sasa hakuna anayeliita vingine.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Castory – Mwenyekiti, dereva mstaafu wa basi la Kigali–Rusumo
2. Mzee Wenceslaus – Makamu Mwenyekiti, karani mstaafu wa forodha
3. Mama Athanasie – Mjumbe, tena mke wa Mwenyekiti (vyeo viwili, posho hakuna)
4. Mama Febronia – Mjumbe
5. Christella – Mwalikwa, muuguzi, mpwa wa Mama Athanasie
6. Mzee Ndihokubwayo – Katibu

WASIOHUDHURIA
Johnson – kwa udhuru. Yuko Kampala.
Kabera – alituma neno kwamba mgongo unamuua. Mchana Katibu alimwona Nyamirambo nyuma ya pikipiki, marehemu huyo, mgongo umenyooka kama mlingoti.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu mchana kwa sauti ndogo, akiwa ameipa Rimu kisogo. Mama Febronia aliongoza sala. Katika sala hiyo aliwataja wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani, na alipofika angani alimfumbulia Mwenyekiti jicho moja. Wajumbe walisema amina. Mwenyekiti hakusema.

KUMB. NA. 2/11/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

(a) Kofia. Makamu alikumbusha kwamba katika matembezi ya Julai, Umoja ulipanda ile meli inayobembea, na Mwenyekiti, aliyekuwa amekula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma kisha akashushia urwagwa, ile pombe ya ndizi, alivirudisha vyote ndani ya kofia ya pama ya Makamu. Makamu alieleza kwamba tangu hapo ameiosha kwa sabuni, kwa limau na kwa maombi, na bado nyuki wanamfuata. Alidai kuombwa radhi kwa maandishi.

Mwenyekiti alijibu kwamba hakuilenga kofia. Kofia ndiyo iliyokuwa njiani.

Makamu alisema, "Njiani! Ilikuwa kichwani kwangu, bwana!"

Mama Febronia aliuliza kama kichwa nacho kilikuwa njiani. Kikao kilikosa utulivu kwa muda. Jambo la kofia liliahirishwa kwa mara ya nne.

(b) Umuhigo. Katibu alisoma maneno ya Mwenyekiti kama yalivyoandikwa Agosti. Kwa faida ya Christella, ambaye ni mgeni kikaoni, ilielezwa kwamba viongozi wa nchi hutamka imihigo, yaani ahadi zao, hadharani, barabara na maji na madarasa, kisha hupimwa kwa asilimia, na wazee wa Umoja waliona na wao si watoto, watamke ya kwao. Mama Febronia alitamka kwamba ataacha kugombana na jirani (amefikia asilimia thelathini). Mwenyekiti alisimama na kutamka hivi: "Siku ya jubilei yetu ya miaka arobaini ya ndoa, nitakaa pembeni ya Mama Scovia juu kabisa ya Rimu, mpaka ishuke, na sitatapika."

Scovia ni binti yao wa kwanza. Jubilei ni leo.

Mwenyekiti alisema siku ile alikuwa na furaha nyingi. Katibu alithibitisha kwamba furaha ile ilikuwa ya ndizi na ilikuwa ndani ya kibuyu. Hata hivyo umuhigo ni umuhigo, haufutwi kwa maji.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA MAMA ATHANASIE

Mwenyekiti aliuliza kama mwenye jubilei hawezi kuridhika na keki. Alisema ipo, tena kubwa.

Mama Athanasie aliomba nafasi, akaongea ameketi. Alisema: "Baba Scovia, tangu umenioa tumesafiri wote. Ngara, Kahama, Rusumo, kuzika, kuoa, kurudi Rwanda mwaka ule tulipotoka Karagwe na watoto na magodoro. Kila safari wewe uko mbele na usukani, mimi niko nyuma na watoto. Miaka arobaini nimeona shingo yako tu. Naijua hiyo shingo kuliko wewe. Sasa nataka safari moja, ukae hapa." Akapiga kiti cha plastiki kilichokuwa pembeni yake. "Keki nitakula kesho."

Keki iliahirishwa hadi kesho.

KUMB. NA. 4/11/2025: TAARIFA YA MAZOEZI

Christella alieleza kwamba tatizo la mjomba wake si uoga wala uzee. Sikio la ndani linasema mwili unatembea, jicho linasema umekaa, tumbo linasikiliza ugomvi wa hao wawili mpaka linachoka. Dereva haugui kwa sababu anatazama mbali na anajua kona kabla haijafika. Mtu huyohuyo mkalishe nyuma, anaugua kama mwingine yeyote.

Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike maneno hayo kwa herufi kubwa. Katibu alisema kalamu yake haina herufi kubwa.

Christella aliendelea kwamba kuanzia Septemba amempandisha mjomba ngazi kwa ngazi. Kwanza farasi wa mbao wanaozunguka. Mwenyekiti alipanda farasi mweupe katikati ya watoto wa chekechea na alishuka mzima, ingawa mtoto mmoja alimwuliza kama amepotea. Kisha safari za basi kwenda Muhima, akiwa abiria. Mama Febronia aliyekuwa basi hilohilo alitoa ushahidi kwamba Mwenyekiti alikanyaga sakafu njia nzima akitafuta breki, na penye mteremko alimwambia kijana dereva, "Gia, mwanangu, gia!" mpaka kijana akasimama na kumwuliza kama anataka kumpokea. Lakini hakutapika.

Makamu alisema mambo hayo ni ya kizungu. Dawa ni kukalia gazeti na kunusa limau. Christella alisema limau halina ubaya, na tangawizi pia humsaidia mtu, ila kuhusu gazeti hajasoma popote. Makamu alisema tatizo ni kwamba siku hizi magazeti yako kwenye simu, na simu haikaliki.

Christella alitoa maagizo ya leo:

Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Mwenyekiti amekula mkate na chai ya tangawizi. Mishikaki ni marufuku mpaka ashuke. Macho wazi, yatazame kitu cha mbali kisichotikisika. Pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia. Vidonge vya safari asimeze, kwa sababu anatumia dawa za presha na daktari wake hajaulizwa. Na Rimu itakaposimama juu, wasishtuke. Inasimama ili watu wapande chini. Haijaharibika.

Makamu aliuliza, "Inasimama juu?"

Christella alijibu ndiyo.

Makamu alisema, "Sawa, nilikuwa nauliza tu."

KUMB. NA. 5/11/2025: NANI ATASHUHUDIA

Makamu alitoa hoja kwamba umuhigo ukishindikana, Mwenyekiti aachie kiti. Alisisitiza kwamba yeye binafsi hana haja na kiti hicho. Katibu ameandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa aandike.

Makamu alisema pia kwamba mtu akiwa kule juu anaweza kutapika upande wa pili, akashuka anajipangusa mdomo na kusema amefaulu. Alitaka mashahidi wa macho. Mama Febronia aliunga mkono kwa haraka iliyowashangaza wengi, akapendekeza mashahidi wawe Katibu, kwa kuwa ndiye anayeandika, na Makamu mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye mashaka. Kibanda cha Rimu kinachukua watu wanne. Hesabu ilitosha.

Makamu alisema goti lake halipendi ngazi. Mama Febronia alimwambia, "Mzee Wenceslaus, ngazi ni tatu. Kanisani unapanda saba kwenda kusoma matangazo."

Ilipigwa kura. Makamu alishindwa kwa kura zote isipokuwa ya kwake.

KUMB. NA. 6/11/2025: UPIMAJI WA UMUHIGO

Kikao kiliingia kwenye kibanda saa tisa na dakika kumi. Kibanda ni cha duara kama sufuria, benchi limezunguka, na katikati kuna mti wa chuma wenye duara la kushika. Mwenyekiti alipoliona duara lile uso wake ulibadilika. Alilishika kwa mikono miwili, mmoja kushoto mmoja kulia kama usukani, akauliza, "Wote mmekaa?"

Mama Athanasie alikuwa pembeni yake.

Rimu iliondoka. Kibanda kiliyumba. Mwenyekiti alitoka jasho juu ya mdomo na rangi yake ikawa ya parachichi la jana. Mama Athanasie alimwambia atazame mbali. Mwenyekiti aliukazia macho Mlima Kigali kama anayeudai deni, akaanza kutaja kwa sauti vituo vya njia ya Rusumo: "Kabuga. Rwamagana. Kayonza." Katibu alitaka kusema kwamba huko ni nyuma yetu kabisa, akaona afadhali anyamaze. Kibanda kilipanda Kayonza, kikapanda Kibungo, na mkate ulibaki ulipo.

Kisha tukafika juu kabisa na Rimu ikasimama.

Hapo Makamu alitazama chini. Watu walikuwa wadogo kama punje za mtama, na Mama Febronia alikuwa punje inayopunga mkono. Makamu aliukumbatia ule mti wa chuma kwa mikono na magoti, likiwemo lile bovu, akafumba macho na kuanza kuwataja watakatifu, wengine mara mbili.

Mwenyekiti alimwita, "Mzee Wenceslaus."

Makamu alimtaja mtakatifu mwingine.

"Wenceslaus! Fumbua macho, ukifumba ndiyo inazidi. Usitazame chini, chini hatuna kazi nako. Unaona ule mlima? Huo ndio mwisho wa barabara yetu. Vuta pumzi. Toa, polepole. Nimewapitisha watu milima ya Rusumo na ukungu, breki zinanuka, na hakuna aliyekufa. Wewe utakuwa wa kwanza?"

Makamu alifumbua jicho moja. Baadaye la pili. Alisema, "Naona minara ya simu."

"Eee. Ihesabu hiyo."

Katika kumhangaikia abiria, Mwenyekiti alikuwa amegeuza shingo ghafla, jambo ambalo Christella alilikataza. Upepo ukatubembeza. Mwenyekiti alicheua mara moja, akacheua mara ya pili, akameza mate. Mama Athanasie alimshika bega. Katibu aliinua miguu yake kutoka sakafuni.

Ndipo Makamu, ambaye bado aliushikilia mti kwa mkono mmoja, alivua kofia yake ya pama, akaipindua, na kuiweka chini ya kidevu cha Mwenyekiti. Alisema, "Kama ni lazima, ndugu yangu, mimina humu. Imezoea."

Mwenyekiti alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na kicheko kile, sijui kilipitia wapi, kilishuka na mkate. Akapumua. Akasema, "Wenceslaus, nisamehe ile kofia."

Makamu alisema atafikiria.

Mwenyekiti aliendelea kulishika duara. Vidole vilikuwa vimekaza mpaka vimepauka. Mama Athanasie alivitazama, akamwambia kwa sauti ambayo haikukusudiwa kikao, lakini kibanda ni kidogo:

"Baba Scovia, gari limesimama."

"Nimeona."

"Gari likisimama dereva anafanya nini?"

Mwenyekiti alifikiri. "Anashuka anakaa na watu."

"Haya."

Mwenyekiti aliachia mkono wa kulia. Mkono huo ulibaki hewani kidogo kama uliosahau njia, kisha ukapokewa.

Mama Athanasie alimwonesha Rebero, akatafuta paa lao katikati ya mapaa, akalipata kwa sababu ya shuka nyekundu iliyokuwa kambani. Alisema, "Umeacha nguo nje."

"Mvua haijaja."

"Inakuja. Iko kule Jali."

"Basi iache ije."

Rimu iliondoka tena na kutushusha. Hakuna aliyetapika. Katibu naye hakutapika, na maneno ya Makamu kwamba Katibu alikuwa ameandika ukurasa mzima juu chini yapuuzwe.

KUMB. NA. 7/11/2025: MATOKEO

Kikao kilirudi mezani. Katibu alipendekeza asilimia tisini, kwa sababu Mwenyekiti alishika chuma kwa mkono mmoja muda wote. Makamu, aliyekuwa anakunywa maji, aliombwa atoe maoni kama mwenye mashaka wa kwanza. Alisema hana mashaka tena, na hoja ya kiti ameiondoa. Aliomba pia iandikwe kwamba hakuogopa, alikuwa anasali. Imeandikwa.

Mama Athanasie alisema, "Mkono mmoja ulikuwa kwenye chuma. Wa pili ulikuwa kwangu. Jumlisheni."

Azimio: asilimia mia moja. Jambo la kofia limefutwa kwenye ajenda za Umoja.

KUMB. NA. 8/11/2025: MENGINEYO

(a) Makamu alitamka umuhigo wake wa mwaka ujao: atafika juu ya Rimu macho yote mawili wazi. Christella ataanza naye kwenye farasi. Aliomba apewe farasi ambaye si mweupe.

(b) Mishikaki iliruhusiwa.

(c) Mama Athanasie aliomba mzunguko wa pili, bila mashahidi. Katibu alisema Mwenyekiti hawezi kuondoka kabla ya kufunga kikao. Mwenyekiti alisema atakifungia hukohuko.

KUFUNGA

Matone ya kwanza yalianza kuanguka saa kumi kasoro dakika tano. Kibanda kilikuwa kimefika juu. Mwenyekiti alitoa kichwa nje, akapaza sauti, "Kikao kimefungwa, kaleni!" Wajumbe wa chini walijibu kwamba wamesikia. Hakuna aliyekwenda kuanua shuka.

Sahihi ya Mwenyekiti: *Castory*
(Kama inaonekana imeandikwa na mtoto, msishangae. Ameitia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia tulimwomba, akasema una kazi.)

Sahihi ya Katibu: *Ndihokubwayo*