Begi la Kochi na Usiku Mmoja Mlimani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuomba usinicheke, maana wifi yangu ameshanicheka vya kutosha na jibu bado sina.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nasimamia chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yanaingia machafu yanatoka yamekunjwa, siku nzima nimesimama, na kwa miaka minne sasa mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tunashiriki yale mashindano ya baiskeli za milimani ya wawili wawili, ambapo mnapewa ramani mnajitafutia wenyewe vituo vilivyofichwa huko porini, Jumamosi mnaendesha muda wa saa sita, mnalala kwenye hema, Jumapili mnaendesha saa nne nyingine, na sharti lake kubwa ni kwamba kila kitu mnakibeba mgongoni mwanzo hadi mwisho, hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi, chakula, hairuhusiwi kuacha hata kijiko njiani. Wifi ni mpima ardhi, kwa hiyo ramani ni yake. Mimi kazi yangu ni kukanyaga.

Mume wangu ni fundi wa makochi, miaka ishirini na mbili kwenye kazi hiyo, na miezi tisa iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono wake wa kazi ukalala, ulimi ukawa mzito, na tangu siku hiyo hakushika sindano wala mkasi, alikuwa anakaa tu anaangalia mlango. Kwa sababu anaona aibu kupaza hiyo sauti yake mpya, akinihitaji ananipigia simu, hata nikiwa chumba cha pili ananipigia, na nikiwa kazini ananipigia mara nane, mara tisa, rimoti imeanguka, dawa ni ya rangi gani, utarudi saa ngapi. Sisemi kwamba namchukia. Ila mshauri, ule mlio wa simu siku hizi nausikia hata mashine za kufulia zikiwa zinanguruma na simu imezimwa. Majirani wananiambia vumilia tu, na mimi nasema moyoni, mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Sasa mwezi uliopita alinisikia nikimwambia wifi kwamba zipu ya begi langu la zamani imekufa na nataka kununua jingine. Akasema, polepole, neno moja moja, "Usinunue. Nitakushonea." Nikashtuka kwa furaha, nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Alinikalisha kwenye kochi, akanipima mgongo kwa mkono wa kushoto, kisha kwa wiki tatu alishona kwa huo mkono mmoja, kitambaa akikibana kwa kiwiko, na ukiangalia mshono wa begi lile utaona unaanza umepinda kama njia ya mlevi halafu kadiri unavyozunguka unanyooka, na pale unapoishia umenyooka kabisa. Siku aliyolimaliza alicheka. Nilikuwa nimesahau ana mwanya.

Lakini mshauri, lile si begi, ni kochi lenye mikanda. Amelishona kwa ngozi ya bandia ya kahawia, ndani ameweka sponji nene pande zote ili lisiniumize, na likiwa tupu tu lina kilo tatu na nusu. Limepanda juu hadi kisogoni. Hata mfuko wa simu, fundi mzima wa miaka ishirini na mbili, ameuweka ndani, chini kabisa, umefunikwa na kifuniko cha vifungo viwili, mpaka utoe hema na nguo zote ndipo uifikie simu. Nilipomuuliza akasema tu, "Ya simu. Hapo hapo." Nikamwambia ni zuri sana, sijapata kuona begi zuri kama hili. Ndivyo nilivyosema, na nimerudia mara nyingi.

Jumapili iliyopita nililipakia vitu vyote nikaenda nalo kilimani kimyakimya. Nikiinama kushika usukani, ukingo wa begi unagonga kofia yangu ya baiskeli kwa nyuma, siwezi kuinua uso, naona gurudumu la mbele tu. Kwenye kona likayumba likanivuta, nikaangukia kwenye miiba. Nyumbani nikasema niliteleza kwenye sakafu ya kufulia, nikiwa na mwiba bado kwenye kiwiko.

Wifi kalijaribu, akalitua chini akasema, "Kaka yangu nampenda, lakini mimi mlima sipandi na seti ya sebuleni. Ukija na hili natafuta mwenzangu mwingine." Nikamwambia basi mwambie wewe, ni kaka yako. Akasema, "Nani, mimi? Wewe ndiye mkewe." Kisha akaniletea begi lake la akiba, jepesi, nimelificha kazini nyuma ya rundo la mashuka. Mpango wetu ni nitoke nyumbani na la mume wangu, njiani nipitie kazini nilibadilishe na hilo jepesi. Shida ni kwamba zimebaki wiki tatu, na juzi mume wangu ametangaza kwamba kaka yake mkubwa atakuja kulala nyumbani kwetu usiku huo wa mashindano, na Jumapili wawili hao watakuja kunipokea kwenye utepe wa kumalizia, yeye na mkongojo wake. Hajatoka nje ya geti tangu arudi kutoka hospitali. Anataka kuliona begi likifika.

Na sasa nikwambie ambalo hata wifi sijamwambia. Vituo mimi sivitaki, nishani siitaki. Ninachokitaka ni ule usiku mmoja kwenye hema ambao hakuna atakayeniita. Nimeuhesabia siku kama mfungwa, na nikikumbuka mgonjwa wangu alivyoinamia cherehani akinishonea, najiona mke mbaya kuliko wote. Je, nibadilishe begi kwa siri, nimwambie ukweli nimvunje moyo, au nijitoe tu nibaki nyumbani? Nimechoka mshauri, nijibu.

Mimi, Mwenye Kochi Mgongoni.

*

Mama wa mashuka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, kwa hiyo usidhani wewe peke yako umechoka. Pole. Pole ya kweli, maana kumuuguza mtu ni kazi isiyo na zamu, na anayesema vumilia hajawahi kuifanya. Pole imeishia hapo. Sasa kaa nikuseme.

Huo mpango wa kubadilisha begi uache leo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako nimeshaona inapoishia: kwenye utepe, mumeo amesimama kwa mkongojo kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa, na wewe unakuja na begi la mtu mwingine. Utamwambia nini, kwamba limejibadilisha mlimani?

Na hizo sifa zako nazo. Wewe kazini shuka likitoka na doa unalirudisha kwenye mashine bila kumwomba mtu radhi. Kwa nini umeshindwa kumrudishia fundi begi? Fundi wa miaka ishirini na mbili amerudishiwa kazi mara ngapi? Makochi mangapi yameambiwa mguu mfupi, kitambaa kimepishana maua? Hakufa. Mteja anayerudi na malalamiko anamwamini fundi kwamba anaweza kurekebisha. Anayesema zuri sana na kwenda kununua kwingine ameshamzika. Tangu augue kila mtu anamsifu, akinyanyua kijiko anasifiwa, akivaa shati anasifiwa. Mpe malalamiko mama, umpunguzie huo ugonjwa.

Tena kosa la vipimo si lake peke yake. Alikukalisha kwenye kochi akakupima mgongo umenyooka, maana kwa miaka yote hiyo migongo aliyoipima ilikuwa imekaa. Nawe ulikaa kimya. Hukumwambia kwamba juu ya baiskeli mtu analala mbele kama anatafuta sindano chini ya meza.

Nimemuuliza fundi baiskeli wa mtaani kwangu, mzee asiyependa maneno mengi, akanijibu huku anaziba pancha. Begi la kazi hiyo ni la lita ishirini na tano hadi thelathini, mkichukua kubwa mtajaza vya ajabu. Ukiinama na kofia kichwani uweze kuinua uso bila kugonga kitu. Mkanda wa kiunoni na wa kifuani, vyote viwili, ndivyo vinavyozuia kuyumba. Vizito vikae karibu na mgongo, chini ya mabega. Sponji itolewe kwani inakunywa maji ya mvua, ibaki vipande viwili vyembamba vya mgongoni. Kitambaa kiwe nailoni, na vya kulalia vifungwe kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Hema na jiko mgawane na wifi yako, huyo mwenye mdomo, maana nahisi umezoea kubeba vya watu wote.

Basi Jumamosi hii weka baiskeli mbele ya mlango, mtoe mumeo akae nje. Lipakie begi lake, vaa na kofia, panda, inama. Mwambie, "Fundi, kazi yako inanigonga kichwa." Sema hivyo hivyo, fundi, kama mteja. Muonyeshe na kiwiko, umwambie ulipoangukia. Usilie mbele yake mpaka awe ameshika chaki. Wiki mbili zinamtosha kulipunguza. Na likishindikana kabisa, chukua lile la wifi, umpe yeye alitie mikanda na mto wa mgongoni kwa mkono wake. Kwa vyovyote, kitakachofika kwenye utepe kiwe na mshono wake.

Kujitoa usithubutu. Kutaka usiku mmoja wa kulala si dhambi, mama. Mtu akichoka anataka kulala, hakuna siri hapo ya kumficha mumeo.

Hata hivyo nahisi hamu yako hiyo anaijua. Kuna jambo umeniandikia kama lalamiko ukalipita, mimi limenifanya nitoe miguu kwenye beseni. Umesema mfuko wa simu kauweka chini kabisa, chini ya hema na nguo, kwa kifuniko na vifungo viwili. Mwenye mkono mmoja, kila kifungo ni jasho. Mtu huyo huyo anayekupigia mara tisa kwa siku. Ukamuuliza, akasema hapo hapo. Akamwita na kaka yake aje kulala usiku huo huo.

Naweza kuwa nimekosea, muulize mwenyewe. Lakini begi zima likikatwa na kushonwa upya, mfuko huo mwambie asiuguse. Iweke simu humo, funga vifungo vyote viwili, ulale.