Mguu wa Mnara

Nairobi,
Ijumaa, baada ya swala.

Ndugu yangu mpenzi Leila,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa maana najua magoti yako hayapendi kusimama asubuhi, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi Hadia ilifika Bombo kabla haijamwagika mkobani mwake. Wajukuu nao? Yule mdogo aliyekataa kula mpaka aimbiwe, ameacha? Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninalala, presha imetulia. Daktari ameridhika nami kuliko ninavyoridhika mwenyewe.

Utashangaa kwa nini naandika na simu tunazo. Kwenye simu unanikatiza. Nikianza kueleza jambo unasema, "Mahdi ameanza darasa," halafu unacheka, nami napoteza mahali nilipofika. Leo nataka nifike mwisho. Darasa lipo, lakini nivumilie.

Unajua kwamba nilipostaafu kufundisha jiografia waliniita kwenye kamati ya laini ya stima. Walitaka mtu wa Kibera anayeweza kusoma ramani na kuieleza kwa Kiswahili cha watu. Mhandisi wao ni Annet, binti niliyemfundisha sekondari, ambaye hata sasa akinikuta mahali hutoa mikono mfukoni kwanza ndipo anisalimie.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upepo mwingi uko kaskazini, mvuke wa ardhini uko Bonde la Ufa, na jua kali liko kwenye nyanda kavu. Sisi tunaoitaka stima tuko huku. Ukiacha kila kampuni ijitafutie mahali, itasimamisha mitambo yake huko mbali, ndipo ianze kuuliza waya uko wapi, na mtambo usio na waya ni pambo tu. Kwa hiyo wapangaji huanza na ramani. Hupima upepo, jua na mvuke, huyazungushia mstari maeneo yaliyo bora, na kila eneo hupewa laini moja kubwa ya kuwabeba waliopo na wale watakaokuja. Laini hutangulia, mitambo hufuata.

Nilipoeleza haya kwenye mkutano karibu na Soko la Toi nilitumia mipira ya maji. Kila mtu kule anajua jinsi mwenye nyumba anavyovuta mpira wake kutoka bomba kuu, mipira ikalala njiani kama matumbo ya mbuzi, na mmoja ukipasuka hakuna anayekubali ni wake. Nikawaambia wafikirie bomba moja nene linalofika mwisho wa mtaa, kisha kila mtu afunge koki yake hapo. Walielewa. Lakini Walubengo, yule fundi wa kuchomelea milango aliyepanga chumba chetu cha nyuma, alisimama akasema, "Sawa, Mwalimu. Hilo bomba lako likipita juu ya paa langu, mimi koki yangu iko wapi? Ama nikae hapo chini na koroboi, nikiangalia stima ikipita kama ndege?" Watu wakacheka, Annet naye akacheka. Mama Mideva wa samaki akamwambia akae chini, kwani hata hiyo stima anayoiba sasa hajawahi kuuliza inatoka wapi.

Nilimjibu kwamba laini kubwa haishuki kwa mtu mmoja mmoja. Hushuka kituoni, na kutoka kituoni nyaya ndogo huenda majumbani. Lilikuwa jibu la kweli. Walubengo akasema haya, tutaona.

Sasa nije kwetu. Huko nyikani laini hunyooka bila taabu. Shida ni pale inapoingia mjini, kwa sababu chini ya waya mkubwa haruhusiwi mtu kulala. Kila njia inayofikiriwa hupewa alama. Gorofa lina alama nyingi, nyumba ya mabati ina chache, uwanja mtupu karibu hauna alama yoyote, na njia yenye alama chache ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana laini haikusogea upande wa Nyayo Highrise. Ilikuja kwetu. Ilikuwa lazima mnara mmoja usimame upande wetu wa makaburi, na palikuwa na sehemu mbili tu zilizofaa. Moja ni ule ukanda ulio nje ya ua, tulikozika watu wachache mwaka ule ndani palipojaa maji ya mvua. Ya pili ilikuwa nyumba ya Baba.

Mke wangu Saadia amelala katika ukanda ule. Hukuja kumzika, nami sikulaumu. Mlikuwa hamsemezani tangu lile jambo la kugombea tabaga za Mama, vile vifuniko vya chakula alivyosuka kwa mkono, na kutoka Bombo ni mbali.

Kwenye ramani ya ofisi ukanda ule ulikuwa umepakwa rangi ya uwanja mtupu. Niliwaambia kuna watu pale. Hawakubisha. Annet alizunguka na shehe kwa familia zote, na moja baada ya nyingine zikakubali wafu wao wahamishiwe ndani ya ua, kwa sanda mpya na dua. Walid, ambaye wazazi wake wote wawili wako pale, aliniambia kwamba mzee wake alihamishwa sana akiwa hai, mara hii angalau wanamwomba ruhusa. Likabaki kaburi moja.

Annet alikuja nyumbani mwenyewe. Alikataa chai mpaka amalize kusema. Alisema nikikubali Saadia ahamishwe, mnara utasimama kule na nyumba itabaki salama. Nisipokubali, laini itanyooka, na mguu wa mnara utakuja hapa tulipoketi. Aliinua macho akaangalia dari ile ya Baba, akasema Mama Saadia angeelewa. Kisha akauliza kama nyumba ina mwenyewe mwingine anayestahili kusikilizwa. Nikamwambia anipe siku chache.

Ni katika siku hizo ulipopiga simu. Ulikuwa umemaliza eda ya marehemu Ramzy, ukasema watoto wana majumba yao na wake zao, na wewe umechoka kuwa mgeni jikoni. Ukasema unarudi Kibera. Unataka chumba cha pembeni, kile kinachoingia jua la alasiri, na kitanda kikae palipokuwa cha Mama. Ukaniuliza chumba kipo? Nikajibu kipo. Siku ile kilikuwapo.

Leila, hapa ndipo mwisho niliotaka kuufikia bila kukatizwa. Annet aliporudi nilimwambia Saadia asiguswe. Na nilimwambia kwamba nina dada Bombo, mwenye haki sawa na yangu, na kwamba nimezungumza naye, amekubali nyumba iende. Aliniamini kwa sababu mimi ni Mwalimu wake. Nilitia saini zote mbili, yangu na ya kukubali kwa niaba yako, nikamkaribisha chai, naye akanywa.

Utataka sababu. Miezi ya mwisho, hospitali ilimhamisha Saadia wodi kwa wodi, kila mara wakihitaji kitanda. Mara ya mwisho alinishika kofia badala ya mkono, maana macho yalikuwa yameshaisha, akasema, "Mahdi, wasinihamishe tena." Alikuwa akisema habari ya kitanda cha wodi. Nalijua hilo. Hakuwa na habari ya laini wala mnara. Lakini Annet alipouliza, sauti niliyoisikia ni ile, wala si yako.

Siku ya kubomoa nilisimama barabarani pamoja na majirani. Walubengo ndiye aliyepanda kufungua mabati, akiyashusha moja moja ili yasikunjike. Mama Mideva alilia kwa sauti, na nyumba haikuwa yake. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba kule nilikohamia chumvi imekwisha. Ukuta wa chumba cha pembeni ulipoanguka vumbi likanijia mdomoni, nikatema, nikaendelea kuwaza habari ya chumvi.

Nilidhani yale ambayo sikuyahisi pale nitayahisi kaburini. Naenda kila Ijumaa. Leo pia nimetoka huko. Mahali pake pako vilevile, majani yamekatwa, hakuna aliyemgusa. Nasoma Yasini, nasimama, nangoja. Hakuna kinachokuja. Juu upande wa kulia unaonekana mnara, na chini yake wamezungushia waya palipokuwa pa Baba. Mguu mmoja uko chumbani mwako hasa. Nimepima kwa macho, na unajua macho yangu kwa mambo hayo.

Sasa naishi Kabiro, Kawangware. Nimepanga vyumba viwili katika ploti ya mzee mmoja aitwaye Ephantus, mtu mpole anayependa kuzungumza habari za mvua. Walubengo amehamia ploti hii hii. Juzi tulikuwa tumekaa nje, stima ikapotea mtaa mzima, naye akapaza sauti kutoka mlangoni kwake, "Mwalimu! Huo upepo wenu umelala?" Watu wote wakaangua kicheko, wakanigeukia wakingoja nieleze. Na maelezo ninayo, Leila. Niliingia ndani nikakaa gizani. Hilo ndilo lililonitia hofu, kuliko nyumba, kuliko kaburi. Sikutaka kueleza.

Fidia yako iko benki, sijaigusa. Tabaga za Mama nilizifunga kwenye shuka na hakuna hata moja iliyoharibika. Kitanda nimekileta. Nimekiweka katika chumba cha pili, upande wa dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani na jua la alasiri haliingii. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuficha na hilo.

Kama hutaki tena kuja, nitajua sababu. Lakini ukija, usihangaike kunisamehe kwanza. Ingia, keti kitandani pako, unigombeze kwa ile sauti yako mpaka Ephantus agonge ukuta. Uniite yote uliyowahi kuniita tukiwa watoto. Nikikujibu, hata kwa neno moja baya, tutajua kwamba bado nimo humu mwilini.

Nisalimie wanao wote na wake zao, na huyo wa kuimbiwa mwimbie mara moja kwa niaba yangu. Magoti yako yafunike usiku. Mungu akupe usingizi baada ya kuisoma hii.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,

Mahdi