Mistari Niliyoinyoosha

Lukozi, 4 Machi 2024

Mwanangu Anselm,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa tu wazima, ila goti linanisumbua na hii baridi. Wewe hali yako vipi, unakula?

Ile programu yako ya kuwatumia wakulima ujumbe imenyamaza. Wiki iliyopita haikuwaambia kwamba lori haliji, wakavuna. Kabichi za Mama Jenipher zimeozea barabarani. Jumapili ya tarehe 17, baada ya ibada, kikundi kinakaa kuamua kama tuiache turudi kwa madalali.

Nakuambia wewe tu. Kabla haijanyamaza nilifungua faili lake kwenye kompyuta ya usharika. Mistari ilikuwa imekaa ovyo, mingine ndani, mingine nje. Nikainyoosha yote hadi pembeni, kama ninavyonyoosha matangazo ya usharika kabla mchungaji hajayasoma. Yale maneno yenye alama ya reli (#) mbele, aliyokuwa akiyasema marehemu baba yako kwa Kishambaa wewe ukiandika, sikuyagusa. Nilishindwa. Flashi naituma pamoja na barua hii.

Mama yako

Dodoma, 9 Machi 2024

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi nakula, usihofu.

Kwenye lugha hii ya kompyuta, nafasi iliyo mwanzo wa mstari ndiyo inayoiambia mashine mstari upi uko chini ya upi. Ulipozifuta, ikashindwa kusoma. Maneno ya alama ya reli haiyasomi kabisa. Huku kazini tunaambiwa tuyafute. Ila nakala yangu iliibiwa pamoja na kompyuta, ikabidi niyafuate hayo hayo. Baba anasema, "Mvua ikinyesha lori halipandi, waambie wasivune. Karoti hazina haraka." Hapo nikajua mistari ipi iingie ndani. Nimejaribu, inatuma.

Mstari mmoja wa baba sikuujua ni wa nini: "Mama yako ameshapakua, twende tukale." Popote nitakapouweka, mashine inauruka. Niufute?

Mwanao Anselm

Lukozi, 18 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mungu ni mwema, flashi ilifika Ijumaa, nikaichomeka kwenye kompyuta. Jana mwenyekiti Nikodemo alikuwa bado anaisema vibaya programu yako, ujumbe ukaingia kwenye simu za watu wote, na ya kwake pia. Wakacheka. Tunaendelea nayo. Mama Jenipher bado amenuna, nami namwelewa. Nimemwambia aliyeharibu ni mimi.

Huo mstari uache. Siku ile nilipakua kweli, nikawaita mara mbili. Hamkuja mpaka ugali ukapoa.

Mama yako